Simu ikae mkononi mwa mama

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tanga. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kati, Idrisa, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Hatulii hata dakika tano, anapoteza madaftari, anaanza kazi kumi na hamalizi moja. Daktari wa watoto amesema ni ADHD, hali ya mtoto kukosa utulivu na umakini. Dawa aliyoandika tuliipata mwezi mmoja tu, duka likasema imekwisha na hawajui italetwa lini. Dada yangu aliyeko Minnesota anasema kule kuna gemu la simu ambalo madaktari wanaliandika kama dawa, na yuko tayari kunitumia tableti. Mume wangu anasema simu ndizo zilizomharibu mtoto, hataki hata kusikia. Ustadh wake wa madrasa anasema asomewe. Nami mwenyewe, nikwambie ukweli, naunguza wali kila wiki kwa kusahau jiko. Je, simu inaweza kumtibu mwanangu bila dawa?"

Marahaba, Mama Idrisa. Nakupa jibu fupi kwanza, maana huenda una wali jikoni: simu inaweza kusaidia, na kwa mambo fulani inasaidia sana, ila iwe mkononi mwako, si mkononi mwa Idrisa. Maelezo ni marefu kidogo, nivumilie.

Gemu analolisema dada yako lipo kweli. Linaitwa EndeavorRx. Juni 2020 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaruhusu madaktari kuliandika kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye ADHD. Mtoto anaongoza chombo kinachokimbia kwenye njia yenye vikwazo, na wakati huohuo anatakiwa agonge kioo akiona kiumbe fulani na ajizuie akiona kingine. Wazo lilianzia kwa Adam Gazzaley na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kule San Francisco, ambao mwaka 2013 walionyesha kwamba gemu la namna hiyo liliboresha umakini wa wazee.

Utafiti uliolipa gemu hilo sifa ulihusisha watoto 348. Kundi moja lilicheza gemu lenyewe, dakika 25 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne. Kundi la pili lilicheza gemu la kawaida la maneno. Watoto wa kundi la kwanza walifanya vizuri zaidi kwenye kipimo cha umakini cha kompyuta. Lakini wazazi walipoulizwa hali ya watoto nyumbani, makundi yote mawili yalionekana kuwa na nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Yaani mama wa mtoto aliyecheza gemu la kutibu na mama wa mtoto aliyecheza gemu la maneno walisema karibu kitu kilekile. Na hata FDA ilipoliruhusu ilisema liwe sehemu ya matibabu, si matibabu peke yake.

Silibezi. Halina madhara makubwa, na mtoto analipenda. Ila wewe hukuniandikia kuhusu kipimo cha kompyuta. Uliniandikia kuhusu madaftari.

Nilipoanza kazi hii niliwahi kumshauri mzazi mmoja amnunulie bintiye programu ya kufundisha kumbukumbu, zile za kukariri mpangilio wa namba na vimulimuli. Binti alipanda ngazi hadi nikashangaa, akawa ananishinda mimi mwenyewe. Baada ya miezi mitatu mama yake akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa daktari, mbona sweta bado anaziacha shuleni?" Sikuwa na jibu. Mwaka 2015 watafiti wa Ulaya walikusanya majaribio ya programu za aina hiyo na kukuta hivyohivyo: kumbukumbu ya muda mfupi inaongezeka kwenye vipimo, lakini ukiwauliza watu wasiojua mtoto yupo kundi gani, dalili za ADHD zimebaki karibu palepale. Mambo hayakuwa tofauti kwa mashine za kumfunza mtoto kubadili mawimbi ya ubongo wake: mwaka 2021 jaribio kubwa la Marekani lilionyesha kwamba watoto waliopewa mafunzo halisi na waliopewa ya kuigiza walipata nafuu sawasawa.

Sababu yake nadhani naijua, na ndiyo ningependa uishike kuliko yote. Idrisa hakosi maarifa. Ukimuuliza saa hii, "Daftari linawekwa wapi?" atakujibu, "Kwenye begi." Kinachomshinda ni kulikumbuka jambo hilo na kulitenda saa ileile linapotakiwa, huku paka anapita na redio ya jirani inaimba. Mwanasaikolojia Russell Barkley amelisema hili kwa miaka mingi: msaada wa mtu mwenye ADHD unatakiwa uwe pale kitendo kinapofanyika, na wakati kinapofanyika. Ukimfunza mtoto kwenye tableti sebuleni, ustadi unabaki sebuleni. Begi liko chumbani.

Kwa hiyo tiba isiyo dawa yenye ushahidi mzuri kwa mtoto wa umri wake inapitia kwako, na kwa mwalimu. Wanaiita mafunzo ya wazazi. Madaktari wa watoto wa Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2019, wanataka mtoto aliye chini ya miaka 6 aanze na hiyo kabla ya dawa, na aliyezidi umri huo apate vyote viwili. Jina lenyewe linaudhi kidogo, najua, kana kwamba mzazi ndiye aliyekosea. Hukukosea. ADHD hurithiwa kwa kiasi kikubwa, karibu kama urefu, na humpata takriban mtoto mmoja kati ya ishirini. Ni kwamba mtoto wa namna hii anahitaji malezi ya kila siku yaliyozidishwa nguvu: maagizo mafupi zaidi, sifa za haraka zaidi, kumbusho lililo karibu zaidi.

Hapo ndipo simu yako inapoingia.

Chukua saa ya kazi za shule. Weka simu yako mfukoni, iwe inatetema kila baada ya dakika kumi. Mtetemo huo si wa Idrisa, hata asiujue. Ni wako. Kila ikitetema, geuza macho umtazame. Kama kalamu iko kwenye karatasi, mwambie palepale, kwa jina la kitendo: "Umeandika mistari mitatu bila kusimama, vizuri sana." Kama hayupo kwenye kazi, msogelee, mguse bega, mpe agizo moja tu, "Soma swali la nne," kisha ondoka. Hakuna mhadhara. Wazazi wengi wa watoto hawa, nami siwalaumu, huwatazama pale wanapoharibu tu, kwa sababu mtoto akitulia mzazi naye anapumua na kukimbilia mambo mengine. Simu inakurudisha kumtazama wakati anafanya vizuri. Ni kitu kidogo, na katika yote ninayowapa wazazi, hiki ndicho wanachorudi kunisimulia.

Asubuhi ina shida yake. Usiweke kengele moja ya saa kumi na mbili ukategemea itatosha mpaka mlangoni. Weka tatu au nne, kila moja ikiwa na kazi moja: kuoga, kuvaa, uji, begi. Mwache Idrisa mwenyewe arekodi sauti zitakazolia, "Idrisaaa, begi!" Watoto hufurahia kujiamrisha, na wewe unaacha kuwa ndiye anayepiga kelele nyumba nzima. Jihadhari na mawili. Kengele ilie pale ambapo kitendo kinaweza kufanyika papo hapo. Ikilia akiwa bafuni ikimwambia begi, imepotea. Na baada ya wiki mbili tatu masikio yatazoea, ataizima bila kuisikia. Badilisheni sauti. Si kwamba njia imeshindwa, bali ubongo huu huchoka haraka na kitu kisichobadilika.

La tatu ni kadi ya kila siku. Ukae na mwalimu wa darasa mchague malengo matatu, si kumi. Mfano: kuandika kazi ya ubaoni hadi mwisho, kunyoosha mkono kabla ya kusema, kurudi na daftari la Hisabati. Chagueni yale ambayo hata leo anaweza kuyafikia mara tatu au nne kati ya tano, maana akishindwa siku tatu mfululizo ataitupa kadi kwenye mtaro. Mwalimu anaweka alama, nusu dakika tu, anapiga picha na kukutumia WhatsApp. Mwalimu ana watoto wengi, kwa hiyo usimwombe insha. Idrisa akifika nyumbani unayajua tayari, na zawadi inatoka siku hiyohiyo: dakika ishirini za mpira na baba, kuchagua chakula cha usiku, kukaa mbele kwenye bajaji Ijumaa. Kumwahidi baiskeli mwisho wa muhula ni kama kumwahidi mwaka 2050. Mpe na ustadh kadi yake yenye malengo mawili. Kuhusu kumsomea, mimi sioni ubaya katika dua ya mzazi wala ya mwalimu, na sitaingilia. Naomba tu isichukue nafasi ya kadi, na wasimchape. Fimbo humfundisha kuogopa, haijamfundisha mtoto yeyote kukumbuka.

Tegemea siku kadhaa za upinzani mkali, hasa ukiacha kuitikia makelele yaliyokuwa yakimpatia anachotaka. Huwa anaongeza sauti kabla hajaipunguza. Wazazi wengi hukata tamaa hapohapo.

Kama utapenda kujifunza kwa mpangilio, Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye changamoto za ukuaji, na mwaka 2022 lilitoa toleo la mtandaoni la bure. Na hapahapa Tanzania, kule Mwanza, watafiti wamejaribu programu ya simu ya malezi kwa wazazi wa vijana wa miaka 10 hadi 17, iliyotengenezwa iweze kutumika bila bando. Haikuundwa kwa ajili ya ADHD, na Idrisa bado mdogo kwayo. Naitaja kwa sababu waliielekeza simu kwa mzazi, na naona walielekeza panapotakiwa.

Sasa nije kwenye matumizi ya simu ambayo hakuna anayeyauza, na kwangu mimi yana thamani kuliko gemu lolote. Simu ni shahidi. Mtoto asiyetulia akiingia chumbani kwangu mara nyingi hutulia kabisa, anakaa kama bwana harusi, mama anabaki na aibu kana kwamba amedanganya. Halafu kuna hali nyingine zinazofanana na ADHD au zinazokwenda nayo pamoja, na huonekana nyumbani tu.

Ya kwanza ni kifafa cha kuduwaa. Mtoto anakatika katikati ya sentensi, macho yanaganda au kope zinapepesa, sekunde chache tu, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu anaandika "hasikilizi." Mwenye ADHD aliyezama mawazoni ukimgusa bega anageuka. Huyu hageuki mpaka ipite. Ukiona hivyo, rekodi video, hata ya sekunde kumi, umwonyeshe daktari. Ni muhimu zaidi kama Idrisa aliwahi kulazwa kwa malaria kali iliyopanda kichwani au aliwahi kupata degedege, kwa kuwa katika pwani yetu hayo ni mambo ya kawaida na huweza kuacha alama kwenye ubongo.

Ya pili ni usingizi. Weka simu karibu na kitanda chake usiku, rekodi sauti kwa nusu saa akiwa amelala fofofo. Kama anakoroma sana, pumzi inakatika kisha anavuta kwa nguvu kama anayezama, huenda tezi za koo au nyuma ya pua zimevimba. Mtoto wa namna hiyo halali vizuri, na mtoto asiyelala hasinzii mchana kama mtu mzima. Huparamia kuta. Nimeona watoto waliobadilika baada ya daktari wa masikio, pua na koo kuwahudumia. Ukiwa hukohuko mwombe ampime na masikio, maana usaha wa sikio wa muda mrefu hupunguza usikivu, na asiyesikia vizuri ataitwa mkaidi tu.

Kama daktari wako alimaliza haya yote kabla ya kusema ADHD, vizuri. Kama alimwona dakika kumi akaandika, mrudie. Utambuzi wa haki unataka dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana sehemu zaidi ya moja, na taarifa ya mwalimu. Fomu ya Vanderbilt, yenye maswali kuhusu dalili hizi, moja ya mzazi na moja ya mwalimu, kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, ni ya bure.

Baba Idrisa naye nisimwache. Ana hoja, ingawa si yote. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa vijana zaidi ya 2,500 wa Los Angeles ambao mwanzoni hawakuwa na dalili za ADHD. Baada ya miaka miwili, wale ambao hawakuwa na matumizi ya mara kwa mara ya mitandao na magemu walionyesha dalili kwa asilimia 4.6, na waliotumia kila kitu mara kwa mara kwa asilimia 10.5. Ni tofauti ya kweli. Lakini haithibitishi kwamba simu ndiyo iliyozaa tatizo. Inawezekana pia kijana mwenye ubongo unaotafuta cha papo hapo ndiye anayevutwa zaidi na kioo. Muulize mumeo swali moja: Idrisa alikuwaje akiwa na miaka mitatu, kabla hajashika simu? Hata hivyo ninakubaliana naye kwamba mtoto huyu asiachiwe simu bila kikomo, na isilale chumbani kwake. Video fupi zinazofuatana humlipa kila sekunde, na daftari la Hisabati haliwezi kushindana na hilo.

Kuhusu dawa, nitasema wazi ingawa uliuliza "bila dawa." Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 1999, wenye watoto 579 waliofuatiliwa miezi 14, ulionyesha kwamba dawa iliyosimamiwa vizuri ilipunguza dalili kuu kuliko tiba ya tabia peke yake, na waliopata vyote viwili waliweza kutumia dozi ndogo zaidi. Kwa hiyo haya ninayokupa si mpinzani wa dawa. Methylphenidate, dawa inayotumika sana kwa ADHD, iko chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mkataba wa 1971, ndiyo maana huwezi kuikuta kila duka, na Shirika la Afya Duniani liliombwa mwaka 2019 na tena 2021 kuiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, likakataa. Usiitafute kwa watu wa mitandaoni. Mwombe daktari akuandikie ni hospitali gani ya rufaa inayoihifadhi, na wakati unasubiri, kadi na mtetemo viendelee.

Na wewe, mama wa wali ulioungua. Sicheki. Mara nyingi mtoto akitambuliwa, mmoja wa wazazi hujiona kwenye kioo. Kuna maswali sita ya kujipima kwa watu wazima, yanaitwa ASRS, yalitengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Hayakupi jibu, yanakuambia tu kama inafaa umwone mtaalamu. Kwa watu wazima mazungumzo ya tiba ya fikra na tabia yana ushahidi: jaribio la 2010 la watu 86 ambao tayari walikuwa kwenye dawa lilionyesha kwamba waliofunzwa kupanga, kugawa kazi na kukabili vishawishi walipata nafuu kuliko waliofunzwa kutuliza mwili na kupewa elimu. Kwa leo anza na sentensi moja yenye "nikisha." Nikishawasha jiko, naweka kengele ya simu ya dakika ishirini na tano kabla sijatoka jikoni. Si "nitajitahidi kukumbuka." Na kama una kazi inayokuchosha kuianza, mpigie shoga yako, muweke simu spika, kila mtu afanye yake kimyakimya. Inaonekana kichekesho, lakini kukaa na mtu kunashika akili.

Neno moja kuhusu programu za afya ya akili zinazotangazwa kila ukifungua simu. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliifanya BetterHelp, programu ya ushauri nasaha mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwa kampuni za matangazo, zikiwemo Facebook na Snapchat. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, lakini sheria haitakusaidia ukiandika mwenyewe jina la mtoto, shule na ugonjwa wake kwenye programu usiyoijua. Na ile video ya kuduwaa ni ya daktari tu. Isiende kwenye kundi la wazazi wa darasa la tatu.

Mshukuru dada yako wa Minnesota kwa moyo wake. Mwambie tableti aiache. Kama bado anataka kutuma kitu, kule wanauza saa za mezani ambazo duara lake jekundu hupungua kadiri dakika zinavyokwisha, mtoto anauona muda ukiliwa. Atume hiyo. Iweke pale Idrisa anapofanyia kazi zake, wewe ubaki na simu mfukoni, ikitetema.